Theluji Si Zege

Kama umevuka miaka hamsini na nyumba yako ina njia ya gari mbele, kaa chini usome hii mpaka mwisho. Kama huna muda wa kusoma, mpe mkeo asome, maana yeye ndiye atakayepiga simu. Sina maneno matamu. Niliacha shule darasa la nne kule Tanga, na nilichonacho nimekichuma kwa mikono yangu, sikurithi hata ndoo. Naandika kwa sababu kila baridi ikianza kuna mzee ananisimamisha msikitini, pale penye viatu, na kuniuliza: ilikuwaje? Nimechoka kuhadithia nikiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Mambo ya kidaktari muulizeni daktari. Mimi nitasema yaliyonipata.

Kazi yangu ilikuwa zege. Tangu nifike Toronto nikiwa kijana nimemwaga zege la ngazi, la vibaraza, la njia za magari, kwanza kwa kuajiriwa, baadaye nikiwa na watu wangu na gari langu. Nusu ya mtaa wetu hapa Scarborough wanakanyaga kazi yangu kila wakitoka nje. Asiyejua zege nimweleze kitu kimoja. Saruji ikishakutana na maji, hakuna kukaa. Ukianza kumwaga unamwaga mpaka mwisho, uwe na njaa, uwe na homa, mvua itake kunyesha. Ukiacha katikati ukarudi kesho, zege jipya halishikani na la jana. Panabaki mshono, na pale kwenye mshono ndipo patakapopasuka. Fundi anayeacha mshono kwetu si fundi.

Theluji niliishika kwa mkono huohuo. Nikitoka na beleshi sirudi ndani mpaka lami ionekane kutoka mlango wa gereji hadi barabarani. Nilikuwa nawaona majirani wanasukuma kidogo, wanaingia ndani, wanatoka tena na kikombe mkononi, nawacheka. Jirani yangu wa ubavuni, Kumar, mzee wa Kitamil aliyestaafu udereva wa basi, ana mashine ya kutupa theluji, ile inayonguruma na kuirusha pembeni kama moshi mweupe. Kila ikianguka alikuwa ananiuliza, "Rafiki, nipitishe na kwako?" Na kila mara namjibu, "Pitisha kwako. Mimi nina mikono."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Theluji ilianza kuanguka tangu jana yake, na asubuhi hewa ikapata joto kidogo, ikawa theluji ya maji. Wageni wengi hawajui tofauti. Theluji kavu ni kama unga, unaipuliza inaondoka. Ya maji ni kama mchanga uliolowa. Mke wangu, Mwanaidi, siku hiyo aliamka na moyo wa kupika: chapati, maharage ya nazi, mayai. Nikala nikashiba. Nikasimama kuvaa viatu.

"Baba Rehema, ngoja chakula kishuke."

"Kitashukia nje."

"Hata koti hujafunga."

"Nikianza kazi nitalifungua tu. Nilifunge la nini?"

Nikatoka. Sikunyoosha mwili, sikuanza polepole. Nilijaza beleshi mpaka juu nikawa narusha nyuma ya bega, vile tulivyokuwa tunarusha zege kwenye mbao za juu. Nilipofika nusu ya njia, taya likaanza kuuma. Nikasema ni meno, baridi imeingia. Kisha nyuma, katikati ya mabega, pakawa kama mtu amenikandamiza kwa goti. Kifua chenyewe hakikuuma, na hilo lisikieni vizuri, maana mimi nilikuwa nangoja kifua. Kisha jasho. Jasho la kazi nalijua, hili halikuwa lile. Lilikuwa la baridi, jingi, likalowesha fulana mpaka kwenye mkanda, na huku pumzi inatoka moshi. Kichwani nilikuwa na neno moja tu: bado kipande. Kutoka kwenye gari hadi barabarani. Nimalizie, ndipo nikae.

Nikarusha tena, na tena. Mwisho miguu ikakataa, nikakaa kwenye theluji.

Mwanaidi akafungua dirisha la jikoni.

"Umekaa nini hapo?"

"Napumzika."

"Wewe?"

"Ndiyo, mimi."

"Unapumzika na kazi haijaisha?"

Akafunga dirisha. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua. Hakuhitaji kuona jasho wala rangi ya midomo. Miaka yote tuliyokaa pamoja hajawahi kuniona nimekaa na kazi iko nusu.

Alitoka na simu sikioni, kandambili miguuni, kwenye theluji. Nikamkataza.

"Usiwaite hao. Majirani wataona."

"Waone."

"Basi tuchukue gari letu. Nitaendesha taratibu."

"Uendeshe? Tufe wote wawili?"

Kiingereza chake ni cha dukani na cha kliniki, lakini siku ile kilinyooka. Mtu wa kwenye simu akamuuliza maswali yake, kisha akamwambia kama tuna aspirini nitafune. Nikatafuna, chungu hiyo. Waliokuja na gari la wagonjwa wakanibandika nyaya kifuani palepale, wakatazamana, wakaharakisha. Kumar alikuwa amezima mashine yake, amevua kofia, ameishika kifuani kama yuko mazikoni. Nilipopitishwa mbele yake nimelazwa nikamwambia, "Vaa kofia, sijafa." Akaivaa.

Mimi sikukaa kwenye chumba cha kusubiri. Nilipitishwa moja kwa moja kwenye chumba baridi chenye taa kubwa, wakanitoboa kwenye kifundo cha mkono na kupitisha waya mpaka moyoni, nikiwa macho. Pembeni palikuwa na televisheni. Nikaiona mishipa ya moyo wangu inatembea kama mizizi ndani ya maji, na mmoja umeziba. Wakautanua, wakauwekea kispringi kidogo usifunge tena. Lile goti la mgongoni likaondoka palepale. Nilitaka kumshukuru daktari, koo limekauka, nikamwonyesha kidole gumba.

Waliosubiri ni Mwanaidi na binti yetu Rehema, ambaye ana ofisi yake mjini na watoto wake nyumbani, na siku hiyo alikuja amevaa viatu viwili visivyo jozi moja. Mwanaidi anasema kile chumba kina televisheni isiyo na sauti, na kila mlango ukifunguka watu wote wanainua vichwa, kisha wote wanaviinamisha isipokuwa familia iliyoitwa. Alikuwa bado na kandambili, vidole vimekufa ganzi. Mama mmoja asiyemjua, naye anamngojea mtu wake, akavua soksi zake za sufu akampa. Hawakujuana lugha. Wakakaa bega kwa bega, mmoja na soksi, mmoja na viatu bila soksi, mpaka Rehema akaitwa.

Wodini nilipata nesi wa Kikenya kutoka Kisii, anaitwa Kerubo. Aliponisikia naongea na mke wangu akachangamka.

"Mzee, kumbe sisi ni majirani! Sasa wacha kutoka kwa kitanda."

"Kitandani."

"Ati?"

"Sema 'kutoka kitandani'."

"Sawa, mwalimu. Rudi kitandani kabla sijakuitia daktari."

Huyo ndiye aliyeniletea blanketi. Wana kabati la kupashia mablanketi moto. Nilikuwa natetemeka, sijui kama ni baridi au ni hofu, akanifunika nalo likiwa kama limetoka kuanuliwa juani. Nimenunua nyumba katika nchi ya watu, nimeoza binti, nimehiji, lakini raha ya blanketi lile sijui niifananishe na nini. Nikafumba macho nikasema alhamdulillahi. Ukiwa hospitali huku na baridi imekushika, liulizie. Usione haya.

Kerubo aliporudi kupima presha akaniuliza, "Ni theluji, sindiyo?"

"Umejuaje?"

"Mzee, ikianguka ile nzito, sisi huku tunatandika vitanda. Wanaume wa rika lako hawasikii. Kichwa kama mawe."

"Mimi nasikia."

"Mama, huyu husikia?"

Mwanaidi akamwambia, "Kwanza muulize chapati alizokula kabla ya kutoka."

"Ukiwa umeshiba?" Kerubo akashika kiuno. "Umeshiba, baridi inabana, na unainua mzigo? Mzee, ulitaka moyo ufanye kazi ngapi?"

Nikajifanya nimelala.

Kurudi nyumbani ndiko kulikonitesa zaidi. Mkono ulikuwa mweusi kwa damu iliyovilia, kutoka kifundoni mpaka karibu na kiwiko. Ngazi za mbele nilizimwaga mwenyewe, na nikazipanda nimeshikwa huku na huku kama bibi harusi. Dawa moja ilinipoza mikono, nyingine ilinifanya nikisimama ghafla dunia izunguke. Sugu za viganja zikaanza kubanduka, vipande vipande, na chini yake ngozi ya mtoto mchanga. Nilikuwa nazitazama zikianguka kwenye msala wa kuswalia, naona kama ninavuliwa kazi yangu.

Na machozi. Hilo wanaume wenzangu hawatawaambia. Nikiona tangazo la sabuni, mama anafua nguo za mwanawe, nalia. Nikadhani akili imeondoka. Siku ya kliniki niliuliza kwa sauti ndogo, nikaambiwa linawapata wengi baada ya moyo kupata mshtuko, na nikiona haliondoki nirudi niseme, lina msaada wake. Kwangu liliondoka, polepole. Lakini afadhali niliuliza.

Wageni nao walikuja, kila mmoja na dawa yake: kitunguu saumu, mdalasini, mafuta ya habasoda. Mwanaidi alivipokea vyote, akashukuru, akavipanga juu ya friji, na juu ya friji vikabaki. Mkienda kumtazama mgonjwa wa moyo, kaeni kidogo muondoke. Kusikiliza nako kunachosha.

Lakini lililonichoma ni njia ya gari. Theluji ilianguka tena na tena majira yale, na kila asubuhi nikichungulia nakuta imeshaondolewa, mpaka mbele ya ngazi. Ni Kumar. Hakuna aliyemwomba. Ungedhani ningeshukuru. Nilikasirika. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia namtazama na mashine yake, anaacha mabaki pembeni, kingo zimepinda kama mkia wa paka, na mimi siwezi hata kutoka kumwonyesha.

Kisha Rehema akaleta lake. Rehema alikulia hapa. Anaelewa kila tunachosema na anajibu kwa Kiingereza. Akikasirika sana ndipo Kiswahili kinapomtoka, tena cha Tanga, cha bibi yake. Siku hiyo kilimtoka chote.

"Baba, uza nyumba hii. Kuna ghorofa karibu na kwangu. Lifti ipo, gari linalala ndani, theluji wanasafisha wenyewe."

"Mimi nikae hewani kama njiwa?"

"Ukae hai!"

"Nyumba hii nimeijenga kwa..."

"Hukuijenga, Baba, uliinunua. Ulichojenga ni ngazi."

"Nyumba isiyo na ngazi utaingiaje?"

Akainua mikono juu. Nikamgeukia Mwanaidi, nikijua atanitetea. Alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho.

"Mimi nilikuona umekaa kwenye theluji," akasema. "Sina zaidi."

Tangu hapo nikijilaza mchana Mwanaidi alikuwa anakuja kusimama mlangoni, anatazama kama blanketi linapanda na kushuka, kisha anaondoka. Mimi najifanya sijamwona. Watu wanadhani ugonjwa ni wa mgonjwa. Mke wangu alikonda kuliko mimi.

Mwisho ni yeye aliyekata shauri. Theluji ilikuwa inaanza kuyeyuka. Akaniwekea chai mbele akakaa.

"Tutakaa hapa baridi moja nyingine. Moja tu. Siku nitakayokuona umeng'ang'ana na beleshi kama siku ile, nitampigia Rehema mimi mwenyewe na tutahama. Hakuna kujadiliana."

"Na kama hujaniona?"

"Nitakuona."

Nikakubali. Yale macho hayakuwa na utani.

Majira ya kuchipua nikapelekwa kwenye mazoezi ya wagonjwa wa moyo. Chumba cha kusubiri kilijaa wazee wa kila rangi, wote na raba mpya walizonunuliwa na watoto wao, wote wametazama chini kama watoto wanaongoja sindano. Mwalimu wetu alikuwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa. Sharti lake la kwanza: ukitembea kwenye mashine uwe unaweza kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kuifikisha mwisho, punguza mwendo. Mimi nikawa nanyamaza ili asijue. Akanigundua siku ileile. Akawa anakuja kusimama kando yangu kuniuliza maswali ya makusudi, leo umekula nini, wajukuu wako wangapi, na wa pili anaitwa nani.

Nikamwambia ugomvi wangu mimi ni theluji. Akaleta ndoo za mchanga na beleshi, akanifunga kidude cha kusoma mapigo ya moyo. Nikainua na kurusha nyuma ya bega. Namba zikapanda mbio. Akasema sasa sukuma, usiinue. Ukilazimika kuinua, jaza nusu, kunja magoti, geuka mwili mzima, usijipinde. Namba zikatulia. Akasema simama.

"Bado sijachoka."

"Ndiyo maana nakwambia simama. Ukishachoka umechelewa."

"Kazi ukiiacha katikati inaharibika." Nikamweleza zege, nikamweleza mshono. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Na theluji," akaniuliza, "ukiiacha nusu ukaingia ndani ukanywa chai, ukirudi unakuta nini?"

"Theluji."

"Imepasuka?"

Nilirudi kwenye mashine nikatembea nimefunga mdomo, mpaka akanikumbusha kuongea.

Kiangazi chote nilitembea. Mwanzoni mpaka kona na kurudi, nikiegemea uzio wa watu. Baadaye mpaka kwenye plaza, nikirudi na mkate na mfuko wa maembe yasiyo na ladha. Majani yalipoanza kuanguka Rehema akaja na vitu: beleshi dogo la plastiki lenye mpini uliopinda, viatu vyenye meno chini ya soli, ndoo ya chumvi na mchanga ya kuwekwa ndani karibu na mlango, ili usitembee kwenye barafu kwenda kutafuta dawa ya barafu. Mimi nikaongeza langu. Nikapaka beleshi nta theluji isigande. Na nikamtoa Mwanaidi nje nikamwonyesha lile bomba la ukutani linalotoa moshi wa hita. Likizibwa na theluji, hewa mbaya inarudi ndani, na haina harufu. Hilo tunaliondolea theluji kwanza, kabla ya njia ya gari, na kengele ya hewa hiyo iwe na betri nzima.

Baridi ikaja. Nitasema ninavyofanya sasa, na mwenye moyo ulioguswa kama wangu amuulize daktari wake kwanza kama anaruhusiwa hata kushika beleshi. Mimi niliruhusiwa ile nyepesi tu. Sitoki na tumbo limejaa. Natembea kwanza ndani, sebuleni na jikoni, mpaka mwili upate moto. Nguo navaa moja juu ya nyingine nipate kupunguza, pua na mdomo nafunga na skafu, simu iko mfukoni. Singoji theluji iishe kuanguka. Natoka ingali nyembamba, nasukuma kipande, naingia ndani nakaa. Kipande kingine baadaye. Mara ya kwanza kuiacha njia nusu nyeupe nusu nyeusi nilikaa jikoni nimeligeuzia dirisha mgongo, chai haipiti. Mwanaidi akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia, "Kidogo. Si moyo." Nilipotoka tena nikaikuta vilevile, inaningoja. Nikamaliza. Hakuna aliyesimama barabarani kunicheka.

Tukaenda hivyo mpaka siku ya miadi yangu na daktari wa moyo. Rehema alikuwa aje kutuchukua. Theluji ilikuwa imeanguka kwa wingi, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka na kuingia mara kadhaa, na njia yangu ilikuwa safi, kingo zimenyooka. Nikawa nimesimama kibarazani naitazama kwa raha zangu. Mara greda la barabarani likapita. Kazi yake ni kusafisha barabara, na linachokwangua linakisukuma pembeni. Likaacha tuta mbele ya njia yangu, kutoka ukingo hadi ukingo, kimo cha magoti.

Usilidharau tuta hilo. Hiyo si theluji tena. Ni barafu, chumvi na matope vilivyoshindiliwa, mapande mazito kama zege lililovunjwa. Baadaye huwa kuna mtambo mwingine unapita kuliondoa, lakini haujafika, na Rehema yuko njiani. Gari halitaingia. Nikajiambia ni kitu kidogo hiki. Pande kwa pande. Nimalize kabla hajafika.

Nikalikita beleshi nikainua mara moja. Likaja pande moja kubwa, na mabega yakakaza kama zamani. Nikatazama nyuma. Mwanaidi yuko dirishani. Hakugonga kioo, hakuita. Amekunja mikono, na simu iko ndani ya kiganja. Nikajua nikiinua la pili, nyumba imekwenda.

Nikaliachia lile pande. Nikasimamisha beleshi kando ya tuta nikaenda kwa Kumar. Ni hatua chache, nimezitembea kwa uzito kuliko mashine zote za yule binti wa mazoezi. Nilipofika nikasimama mbele ya kengele. Tangu nije nchi hii sijagonga mlango wa mtu kumwambia nisaidie. Nikabonyeza.

Kumar alifungua ameshika kikombe, sweta limegeuzwa nje ndani.

"Rafiki! Unaumwa?"

"Siumwi. Naomba unipitishie mashine pale barabarani. Siwezi lile tuta."

Akanikodolea macho.

"Sema tena."

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka na mke wangu asikie." Akageuka akaita ndani kwa Kitamil. Mkewe akatoka na unga mikononi. "Haya, rafiki. Sema."

Nikasema tena, theluji inaniangukia shingoni, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Mkewe akapiga makofi, unga ukaruka mpaka kwenye koti langu.

"Majira yote yaliyopita nilikuwa nasafisha kwako kwa hofu," Kumar akasema akivaa viatu. "Nikidhani utatoka na beleshi unipige."

"Nilitaka. Kingo zako zimepinda."

"Basi njoo uniongoze, fundi."

Nikamwongoza. Nimesimama mikono mfukoni, namwambia kushoto, kushoto, umeacha hapo, rudi. Mashine ikalitafuna tuta lile, mapande yakaruka upande wa pili, na mimi sijatoa jasho. Kilikuwa kitu kigeni. Sikujua kwamba mtu anaweza kusimama kando ya kazi yake na kuona raha.

Rehema akafika mashine ikiwa inazimwa. Akateremsha kioo, akaitazama njia, akalitazama beleshi, uso ukabadilika.

"Baba. Umefanya wewe?"

Mwanaidi alikuwa anateremka ngazi, anafunga mtandio. "Kaenda kumwomba Kumar."

"Nani kaenda?"

"Baba yako."

"Baba yangu mimi?"

"Una mwingine?"

Rehema akaegemeza kichwa kwenye usukani akacheka mpaka honi ikalia, na alipoinua uso macho yalikuwa na maji. Tukaingia garini, mimi mbele, Mwanaidi nyuma. Hatujafika hata kona Mwanaidi akaweka mkono begani kwangu akauacha hapo.

"Rehema," akasema, "wale watu wa ghorofani waambie wasitungoje."

Rehema akaitikia kwa kichwa. Mimi nikageukia dirishani, nikawa natazama nyumba za watu mpaka tukafika.

Daktari alinipima akasema moyo unakwenda vizuri. Nikamwambia najua.